UNENE NA UPASUAJI, SEHEMU YA 3: Chungu cha usiku

Sehemu ya pili wengi mliniuliza: "Nesi, mtu akishaamua kufanyiwa upasuaji wa kupunguza unene, kwa nini mnamhoji tena anakulaje? Si anapunguzwa tumbo ili asile?" Swali zuri, ila jibu lake lina historia. Kaeni mkao wa kula.

Mwanzoni swali hilo halikupewa uzito. Mwaka 1954 madaktari wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza upasuaji wa kuunganisha utumbo ili chakula kiruke sehemu kubwa ya utumbo mwembamba. Wazo lilikuwa rahisi: kula utakavyo, chakula kitapita njia ya mkato na mwili hautakifyonza chote. Uzito ulishuka kweli. Lakini watu waliharisha bila kukoma, wakapata mawe kwenye figo na upungufu wa vitamini, na wengine ini liliharibika mpaka wakafa. Kufikia miaka ya 1980 upasuaji ule ulikuwa umeachwa.

Wakati madaktari wa upasuaji wanashughulika na utumbo, kule New York daktari wa magonjwa ya akili, Albert Stunkard, alikuwa anawasikiliza wagonjwa. Mwaka 1955 yeye na wenzake waliandika kuhusu watu wanene ambao asubuhi chakula hakipiti, ila jioni na usiku wanakula sana, na usingizi hawaupati. Mwaka 1959 akaeleza tabia nyingine: kufakamia chakula kingi kwa muda mfupi, halafu majuto yanafuata. Akaonyesha pia kwamba watu wanene hawali kwa namna moja. Wengine tabia hizo hawana kabisa. Kwa hiyo ukimwangalia mtu mwili tu, huwezi kujua anakulaje. Lazima umuulize.

Sasa tuseme ukweli, wengi wetu tunasema "huyo ni mlafi tu". Ngoja niwape kisa. Mwishoni mwa mwaka 1944, vita ikiendelea, vijana 36 wa kiume wenye afya njema walijitolea kwenye utafiti wa Ancel Keys, chuo kilekile cha Minnesota. Walipunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu walioshinda njaa vitani. Jamani, vijana wale wakawa hawazungumzi kingine ila chakula. Walisoma vitabu vya mapishi, walilamba sahani. Waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula mpaka wakaumwa na bado wakasema hawajashiba. Hawakuwa wanene, wala hawakuwa walafi. Njaa ndiyo iliyowafikisha pale.

Mama unayeruka kifungua kinywa na chakula cha mchana ili upungue, halafu saa nne usiku unajikuta umesimama jikoni, umenielewa.

Turudi kwenye upasuaji. Mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alianza kutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo la chakula na kukiunganisha na utumbo. Alikuwa ameona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walipungua uzito. Hapo ndipo ulaji ukawa na maana kubwa. Kifuko kidogo kinazuia sahani kubwa, lakini hakizuii soda, aiskrimu wala kudonoadonoa kutwa nzima. Na baada ya upasuaji wa aina hiyo, vitu vya sukari nyingi vinaweza kukuletea jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kuharisha.

Mwaka 1991 taasisi za taifa za afya za Marekani ziliitisha mkutano wa wataalamu. Wakakubaliana kwamba anayetaka upasuaji huu apimwe na timu: daktari wa upasuaji, wa magonjwa ya ndani, wa afya ya akili na mtaalamu wa lishe. Mwaka 2013 kufakamia kukaingia rasmi kama ugonjwa unaojitegemea kwenye mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili. Tangu Stunkard aandike ilikuwa imepita miaka zaidi ya 50!

Ndiyo maana tunauliza. Kuna wanaokula "chakula cha kuaga" wiki za mwisho, chipsi leo, pilau kesho, maana wanajua mlango unafungwa. Ini linajaa mafuta na kuvimba, na ini limelalia tumbo, kwa hiyo daktari anapata shida kufika anapotaka. Ndiyo sababu wengi hupewa mlo maalumu wa kama wiki mbili kabla ya upasuaji.

Nimalizie na langu. Miaka ya nyuma nilimhoji mama mmoja aliyekuwa anajiandaa. Kila nilichouliza alijibu mboga za majani, matunda, maji. Nilipotoka, chumba cha manesi tulicheka. Mimi nilicheka. Siku ya pili aliniita pembeni akasema, "Mwanangu, usiku wakilala wote naamka nakula wali kwenye chungu, nimesimama, bila taa. Nikisema mtanifuta kwenye orodha." Nilisikia aibu mpaka leo. Alinidanganya kwa sababu alijua tutacheka, na kweli tulicheka.

Hakufutwa. Alipelekwa kwa wataalamu, akaanza kula asubuhi na mchana kwa mpangilio, akasaidiwa na usingizi. Kula usiku au kufakamia peke yake mara nyingi hakumfungii mtu mlango. Kunatuonyesha tuanzie wapi. Kinachomweka mgonjwa hatarini ni kukificha.

Kwa hiyo ukiulizwa unakula nini, sema yote, hata cha gizani. Na wewe mwenye mama, dada au mke anayejiandaa, usihesabu matonge yake mbele ya watoto. Muulize kama asubuhi amekula.

Sehemu ya 4 tutaongelea sahani ya miezi ya kwanza baada ya upasuaji. Maswali leteni hapa chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.