Skani zinazofuatilia mwendo wa viungo mwilini

MOYO wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, nayo mapafu hujaa na kupungua bila kukoma. Ndiyo sababu picha moja iliyoganda haimwelezi daktari kila jambo. Wataalamu wa eksirei hutumia picha zinazoonyesha urefu, upana na kina cha kiungo, pamoja na mabadiliko yake kadiri muda unavyosonga.

Msingi wake ni skani ya CT, iliyobuniwa na mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield na kutumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza jijini London mnamo Oktoba 1, 1971. Hisabati yake ilikuwa imechapishwa mnamo 1963 na 1964 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1979.

Mashine hiyo hupiga eksirei kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta huunda picha za vipande vyembamba, mithili ya slesi za mkate, na kuviunganisha kuwa umbo kamili. Ili kunasa mwendo, kila sehemu hupigwa picha mara kadhaa huku kifaa kingine kikirekodi pumzi za mgonjwa. Picha hizo hugawanywa kwa hatua za pumzi, mara nyingi 10, na kuonyeshwa kwa mfululizo.

Kwenye skrini ya kawaida, daktari hulizungusha umbo hilo apendavyo. Skrini nyingine hulipa kila jicho picha tofauti kidogo kupitia miwani maalumu, na ubongo ukatambua kina.

Manufaa yake hudhihirika katika matibabu ya saratani ya mapafu. Uvimbe ulio sehemu ya chini ya pafu unaweza kusogea zaidi ya sentimita moja kwa kila pumzi. Mwendo huo usipozingatiwa, mionzi huweza kukosa sehemu ya uvimbe na kudhuru tishu zisizo na ugonjwa.

Hata hivyo, mgonjwa akipumua bila mpangilio, picha huunganishwa visivyo na uvimbe huonekana umekatika au kurefuka. Isitoshe, skani hii humpa mgonjwa mionzi mingi kuliko skani ya kawaida ya CT. Kwa hivyo, umbo livutialo kwenye skrini halitoshi. Sharti daktari alilinganishe na vipande vya awali kabla ya kuamua mionzi ielekezwe wapi.