Pembe ya Upinde katika Historia ya Korea

Katika Kiswahili neno pembe hutumika kwa ya ndovu na kwa ya ng'ombe bila kubagua. Basi msomaji wa pwani, ambaye historia yake imejaa misafara ya pembe, akisoma habari za pinde za pembe huenda akadhani ni za ndovu. Sivyo. Ya ndovu ni jino. Hii tunayoizungumzia humea kichwani mwa mnyama acheuaye, nayo kwa asili ni jamaa ya ukucha na ukwato. Fundi wa Asia aliitaka hii kwa sababu maalumu.

Pinde za Wakamba na Wagiriama ni za mti mtupu. Upinde wa Asia ni wa kuunga: katikati mna kiini cha mti au mwanzi, upande wa nje hugandishwa kano za mnyama, na upande wa ndani, uuelekeao uso wa mpigaji, hugandishwa ubale wa pembe. Upinde uvutwapo, nje hutanuka na ndani hubanwa. Kano hustahimili kutanuliwa, pembe hustahimili kubanwa. Mti mfupi ukivutwa kiasi hicho peke yake ungevunjika. Ndiyo maana mpanda farasi aliweza kubeba upinde mfupi wenye nguvu nyingi.

Lakini si kila pembe ifaayo. Kaogong ji, maandishi ya Kichina ya kale kuhusu kazi za mikono yaliyotungwa kabla ya Kristo, yanaeleza kwamba pembe iliyokatwa majira ya kupukutika majani ni nene, na ya majira ya kuchipua ni nyembamba. Ya ng'ombe kijana imenyooka, ya mzee imepotoka, na ugonjwa wa mnyama huonekana ndani ya pembe yake. Shina lapaswa kuwa jeupe, kati pawe na rangi ya kijani, na ncha iwe imejaa. Pembe iliyotimiza hayo na kuwa ndefu ya kutosha ilihesabiwa kuwa na thamani ya ng'ombe mzima, hata ikasemwa kwamba ng'ombe huyo amebeba ng'ombe mwingine kichwani. (Mfugaji yeyote wa kwetu, azoeaye kumjua mnyama kwa pembe zake, hataona ajabu hapo.)

Huko Korea sifa iliyotawala zote ilikuwa urefu. Pembe ya nyati afugwaye wa Asia hutoa ubale mmoja wa kufunika mkono mzima wa upinde. Ng'ombe wa Korea ana pembe fupi, na fundi aliyeitumia alilazimika kuunganisha vipande. Kila kiungo kikawa mahali pa udhaifu. Nyati hakuwa mnyama wa nchi ile yenye baridi kali. Hivyo silaha iliyotegemewa na jeshi lote la ufalme wa Choson ilitegemea kichwa cha mnyama wa ugenini.

Watawala waliijua hatari hiyo. Mfalme Sejo, aliyetawala 1455 hadi 1468, alipata nyati kutoka visiwa vya Ryukyu akaamuru wafugwe, lakini ufugaji huo haukuiondolea nchi haja ya kununua. Kisha katika miaka ya 1470 dola ya Ming ilizuia pembe zisiuzwe kwa Wakorea. Baada ya kusihiwa, iliruhusu jozi 50 kwa mwaka mnamo 1477, na 200 mnamo 1481. Jozi 50 kwa ufalme mzima! Kwa maoni yangu tarakimu hizo zaeleza uhusiano wa Ming na Choson waziwazi kuliko barua nyingi za heshima walizoandikiana: mkubwa hakuhitaji kumnyang'anya mdogo upinde, ilitosha kumhesabia pembe. Waandishi wa historia humsifu mpiga mishale, na ni wachache wamkumbukao mjumbe aliyekwenda Beijing kuomba.

Ufundi huo wa pinde na mishale ulitambuliwa na serikali ya Korea Kusini mwaka 1971 kuwa urithi wa taifa. Pembe zingali zikiagizwa kutoka nje.