Mpaka wa Taveta

Mpaka wa Taveta ni sehemu ya mpaka wa Kenya na Tanzania iliyo magharibi mwa Kaunti ya Taita Taveta, kati ya Ziwa Jipe na Mlima Kilimanjaro. Ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, bila wenyeji kushirikishwa.

Chimbuko. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alijipatia haki za ardhi Taveta, kituo cha misafara ya biashara. Mwaka 1885 Mjerumani Karl Jühlke aliwekeana mkataba na Mangi (mtawala wa Wachaga) Rindi wa Moshi. Katika mazungumzo ya 1886 kila upande ukatetea hati zake: Uingereza ikabaki na Taveta, Ujerumani ikachukua Uchagani na mlima.

Mkondo. Mstari ulianzia mlango wa mto Umba, ukazunguka Jipe upande wa kaskazini, ukavuka mto Lumi na kupita katikati ya nchi za Wataveta na Wachaga. Mkataba wa 1890, uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland na Waingereza ulinzi wa Zanzibar, uliuthibitisha.

Simulizi ya zawadi. Husimuliwa kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake Wilhelm II, Kaisari wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro. Si kweli: mpaka ulikubaliwa 1886, naye Wilhelm akawa Kaisari 1888.

Vita. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Agosti 1914, Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza walijenga reli kutoka Voi, wakashindwa kwenye kilima cha Salaita Februari 1916, kisha wakaukomboa mji Machi. Mpaka wa wakoloni ungali unatumika.