Mbu, Coro na King'ora: Kutafuta Sauti ya Hatari ya Wamagana

Majuzi nilikuwa natengeneza katuni fupi kuhusu Wamagana wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950. Nilihitaji sauti moja tu: hatari imeingia kijijini usiku. Kazi ndogo, nikadhani. Nikaweka king'ora. Nyanya yangu akasikiliza, akacheka: "Hicho nacho ni cha wapi?"

Alisema kweli. King'ora kina historia yake. Mwaka 1819 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour aliunda kisahani chenye matundu kinachozunguka na kukatakata hewa inayopulizwa. Hesabu yake ni tamu kwa mwanaprogramu: idadi ya matundu mara mizunguko kwa sekunde. Matundu 12, mizunguko 40, unapata 480 Hz. Kasi ikipanda, sauti nayo hupanda. Mistari michache ya kodi inatosha kukiiga.

Kwetu hatari ilitangazwa kwingine. Kwanza kuna coro, baragumu ya pembe. Jina lake limebaki kwenye Coro FM, redio ya Kikuyu ya KBC. Pwani nako wanasema la mgambo likilia lina jambo. Na Nyeri hii hii amezikwa mtu mwingine wa pembe: Baden-Powell, aliyefariki 1941. Kambini Brownsea mwaka 1907 aliwaita vijana wake kwa pembe ya tandala aliyoitwaa katika vita vya Matabele.

Kisha kuna mbu. (Msicheke, si yule wa malaria!) Ni ukemi wa Kikuyu wa kuomba msaada. Anayeusikia huupokea na kuupeleka mbele, kilima hadi kilima. Mtandao usio na waya, kila koo ni mnara.

Kuanzia Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu mashambani kwa nguvu. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya milioni 1 walikuwa wamebanwa katika vijiji zaidi ya 800, kwa kafyu na mahandaki. Nyanya alikuwa msichana mdogo. Anasema ukipiga mbu usiku hukujua nani angefika kwanza: jirani au homugadi.

Nikamwomba anipigie mbu nirekodi. Akakataa. "Mbu haipigwi bure. Majirani watakuja mbio na mapanga wakukute na simu mkononi. Siku ya shida ya kweli nani atakuja?"

Tukapatana: akaiguna polepole, mdomo karibu na maikrofoni. Nikapata mwendo wa sauti, bila ukali. Ukali niliutoa kwenye sayansi. Mwaka 2015 Luc Arnal na wenzake walionyesha kwamba mayowe ya binadamu yana mkwaruzo: nguvu ya sauti hupanda na kushuka haraka, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Waliukuta mkwaruzo huo huo katika ving'ora. Nikapandisha sauti ya nyanya, nikaizidisha kwa wimbi la 70 Hz, nikaongeza mwangwi wa bonde.

Nikamvisha nyanya vipokea sauti masikioni. Sekunde tatu tu akavivua, akatazama mlango. Baadaye akasema, "Ndiyo hiyo. Usiicheze nje."

Nami nawaachia onyo hilo. Mkitengeneza sauti ya hatari, ijaribuni masikioni, si kwenye spika dirishani. Bado kuna watu wanaoitika.