Corto Maltese yuko madukani, Kipepe amefungiwa karanga

Mwaka 2026 unatimiza miaka 40 tangu mchoraji Philip Ndunguru afariki dunia, akiwa bado kijana. Ndiye aliyewaleta Kipepe, Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge katika kurasa za jarida la Sani. Mtu mzima wa kijiji cha Ruaruke, wilayani Kibiti, aliyekuwa shuleni miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa Madenge ni mtoto wa namna gani. Kila darasa lilikuwa na Madenge wake. Lakini akitaka kumnunulia mwanawe kitabu kilichokusanya visa hivyo, hata akipanda basi la Kibiti mpaka Kariakoo, atarudi mikono mitupu.

Wakati huohuo, hadithi ya picha yenye Rufiji ndani ya jina lake inauzwa Paris na Roma hadi leo. Ni kisa cha baharia Corto Maltese, kazi ya Mtaliano Hugo Pratt. Kilitoka kwa Kifaransa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika Pif Gadget, jarida la watoto la kila wiki, na jina lake ni sawa na kusema "Watu-chui wa Rufiji". Mwaka 1978 kampuni ya Casterman ilikiweka katika kitabu kimoja na visa vingine vitatu, Les Éthiopiques. Tangu hapo kimechapwa tena na tena, kwa rangi na bila rangi, kwa lugha kadhaa. Mrufiji wa kawaida hajapata kukishika mkononi.

Angekishika, ugomvi ungeanzia kwenye jina. Pratt aliyezaliwa mwaka 1927 hakuwa mgeni kabisa wa Afrika, maana alikulia kwa miaka kadhaa Ethiopia wakati Italia ikiitawala kwa mabavu. Lakini vyama vya siri vya watu-chui vinajulikana zaidi Afrika Magharibi na mashariki ya Kongo, ambako waliitwa Anioto. Huku Tanganyika, kilichowaumiza kichwa Waingereza miaka ya 1940 ni mauaji ya "watu-simba" wa Singida. Rufiji haina haja ya kuazima mnyama wa jirani. Hapa simba wenyewe, wa miguu minne, waliua watu zaidi ya 30 kati ya mwaka 2002 na 2004, mpaka yule aliyepachikwa jina la Osama alipopigwa risasi Aprili 2004. Watu walihama mashamba, na waliobaki kulinda mpunga kwenye madungu walilala jicho moja wazi.

Na kama ni vita, delta ya Rufiji ina kisa ambacho hakuna mchoraji angekikataa. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, ilikuja kujificha ndani ya mikoko yetu. Waingereza waliitafuta kwa meli na kwa ndege, na haikuangamizwa hadi Julai 11, 1915. Hata hapo Wajerumani waliiopoa mizinga yake, ikaburutwa hadi Dar es Salaam na kuendelea kupiga nchi kavu. Waliobeba na kuvuta mizigo ya vita hiyo ni babu zetu, na hakuna aliyewachora.

Wala tusiseme Waswahili hatuna mkono wa katuni. Mtafiti wa Kijerumani Jigal Beez, aliyezifuatilia kuliko wengi wetu, anazirudisha nyuma hadi enzi za mkoloni, kwenye majarida kama Mambo Leo na Tazama. Anavutiwa hasa na matangazo ya majarini ya Blue Band, yaliyochorwa kwa visanduku na maneno kama hadithi: mtu dhaifu anakula mkate uliopakwa, anapata nguvu, watu wanashangaa. Kenya wakampata Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Kwetu, mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha na ambao Pratt alimchora Corto kwa mara ya kwanza, Christian Gregory alimwanzisha Chakubanga katika gazeti la Uhuru.

Halafu ikaja Sani, iliyoitwa kwa majina ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na ndiyo iliyoingia vijijini. Nakala moja ilisomwa na mtaa mzima. Ilipita kwa kinyozi, ikaenda kwa fundi cherehani, ikaishia mikononi mwa watoto waliojificha nayo nyuma ya darasa, kwa sababu walimu waliiona kitu cha kihuni. Ndunguru alijua kuchora umati: ukurasa mmoja ulijaa watu, kila mmoja na kisa chake pembeni. Alipokufa, wenzake waliendelea kuwachora wahusika wake. Baadaye James Gayo akaleta Kingo, na magazeti ya leo yana Kipanya wa Masoud.

Karatasi ya Sani haikutengenezwa ili idumu. Nakala nyingi ziliishia kufungia karanga na maandazi. Zilizobaki kwenye masanduku zina adui wengine: mchwa, na maji kama yale ya Aprili 2024 yaliyoingia majumbani Rufiji na Kibiti. Shaaban Robert tunamsoma leo kwa sababu wachapishaji walimrudisha mitamboni. Katuni zimenyimwa heshima hiyo kwa dhana kwamba ni mchezo wa watoto, ilhali zinatuonyesha mavazi, lugha ya mtaani na ujanja wa mjini wa miaka ile kuliko hotuba nyingi zilizohifadhiwa.

Kikwazo cha haki kipo, lakini kinatatulika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo kusubiri muda uishe ni kusubiri mpaka karatasi zioze. Warithi wa wachoraji, wenye Sani, ofisi ya hakimiliki (COSOTA) na mchapishaji mwenye moyo wakae meza moja wakubaliane nani analipwa nini. Waanze na kitabu kimoja cha Ndunguru, kisha kimoja cha Chakubanga. Na wewe msomaji mwenye Sani kuukuu darini, usiipime kwa kilo kwa muuza karanga. Ipeleke maktaba, au angalau ipige picha ukurasa kwa ukurasa, maana pengine ndiyo nakala pekee iliyobaki ya toleo hilo.