Mzee Ally Sykes na Kikosi cha Sita cha Keya

Keya, jina ambalo wenyeji wa Afrika Mashariki walilipa jeshi la King's African Rifles kwa kuzitamka herufi zake tatu za mwanzo, liliundwa na Waingereza mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya himaya zao za Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Kikosi chake cha Sita, yaani batalioni ya Tanganyika, kina asili ya pekee, kwani kiliundwa upya mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza vikiwa havijamalizika, kwa kuandikisha askari waliowahi kuwatumikia Wajerumani, ambao sasa walitakiwa kuwaelekezea bunduki mabwana wao wa jana.

Katika familia ya Sykes ya Dar es Salaam uaskari ulikwisha kuwa urithi. Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Msumbiji, aliletwa na jeshi la mamluki la Mjerumani Hermann von Wissmann. Mwanawe, Kleist, alipigana upande wa Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kisha mwaka 1929 akawa katibu wa kwanza wa African Association, chama cha ustawi wa Waafrika wa mjini. Na wana wa Kleist, Abdulwahid na Ally, wakaingia Keya katika Vita Kuu ya Pili na kupelekwa Burma. Huko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, lililosifika kwa malaria, masika yakiwa yamegeuza njia kuwa tope, hadi ukingo wa mto Chindwin.

Vitabu vingi vya jeshi hili viliandikwa na maofisa wake wa Kizungu, nao askari wa kawaida huwamo kwa idadi kuliko kwa majina. Kwa hiyo insha ya Daisy Sykes Buruku, binti wa Abdulwahid, kuhusu babu yake Kleist, iliyotoka mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe, inafaa kuhesabiwa pia kuwa historia ya jeshi, ingawa haikukusudiwa hivyo.

Waliorudi kutoka Burma hawakukubali tena kukaa kimya. Abdulwahid aliongoza TAA, mrithi wa chama cha baba yake, kabla ya Julius Nyerere kuchaguliwa mwaka 1953, na chama cha kupigania uhuru, TANU, kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 Nyerere alipewa kadi namba 1, Ally namba 2, Abdulwahid namba 3.

Kikosi chenyewe kiligeuka Tanganyika Rifles wakati wa uhuru, kikaasi Januari 1964 katika kambi ya Colito, iliyopewa jina la mapigano ya Ethiopia ya mwaka 1941, kikavunjwa, na Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi. Kambi hiyo sasa inaitwa Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Mzee Ally, aliyezaliwa mwaka 1926, alifariki mwaka 2013, miongo minne na zaidi baada ya kaka yake.