Rwenzori: mulima wa Kitasamba

Kila mutoto aliyemaliza primeri hapa Likasi anajua jibu: kilele kirefu kuliko vyote vya Kongo ni Pic Marguerite, mita 5109, kwenye mulima Stanley, mu Rwenzori, mpakani na Uganda. Sisi tunakaa kwenye mita 1300 hivi, na vilima vyetu vinatuchosha tayari.

Stanley ni yule mzaliwa wa Wales aliyeona theluji ya huko mwaka 1888. Marguerite alikuwa malkia wa Italia. Mwana wa ufalme Luigi Amedeo di Savoia njo alifika kileleni na kukipa jina lake, Juni 1906. Lakini Wanande wa upande wetu na ndugu zao Wakonzo wa Uganda wana jina lao: Rwenzururu, pahali pa theluji. Mu theluji ile njo anakaa Kitasamba, mwenye mulima.

Kwa upande wa Kongo, watu wanaanzia Mutwanga, teritware ya Beni, ndani ya Parc ya Virunga. Siku ya kwanza ni mashamba halafu pori, mpaka kibanda cha Kalonge, juu ya mita 2000. Kazi iko siku ya pili: mianzi, matope, mizizi inayoteleza, miti iliyoota ndevu. Mvua haibishi hodi. Unalala Mahangu, mita 3300 hivi. Kisha Kiondo, juu ya 4000, kwenye lobelia ndefu kupita mutu. Wengi wanaishia hapo, wanaangalia barafu kwa mbali, wanashuka, na haiko haya. Marguerite yenyewe inaomba kamba, vyuma vya kufunga chini ya viatu, na mutu anayejua barafu. Kwenda na kurudi ni siku tano au sita.

Sasa hiyo barafu yenyewe inaisha. Mwaka 1906 ilifunika kilometa za mraba karibu 7, kwenye milima sita. Kufika 2005 ilibaki karibu 1.5, kwenye milima mitatu tu: Stanley, Speke na Baker. Wazee wanaomjua Kitasamba wanaona nyumba yake inabomoka.

Na usifunge mizigo leo. Mashambulizi ya ADF yameua watu wengi mu eneo la Beni, na Mutwanga haikupona. Wenye hamu wanapitia Uganda, kutoka Kilembe ao Nyakalengija, na wanafika kilele kile kile kwa mugongo wake wa pili.